Maswali ya Wasomaji: Petroli Inakwama Wapi?

Mashine yangu ya kukata nyasi ilikaa stoo tangu Januari. Mvua ya masika ilipoanza nikaitoa. Inawaka nikivuta choki, lakini nikiirudisha tu inazima. Fundi amebadilisha plagi bila mafanikio, sasa anasema ninunue kabureta mpya. Je, ninunue? – Msomaji, Lang'ata

Usinunue bado. Injini inayokubali kuwaka kwa choki peke yake ina cheche, na petroli inaifikia, ila ni kidogo mno. Choki inapoziba hewa, mvuto ndani ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) huongezeka na petroli hunyonywa kwa nguvu kupitia jeti, yaani tundu dogo la kupimia petroli, lililosongwa. Ukiirudisha, mvuto unapungua na lile tundu halipitishi ya kutosha. Kwa hiyo plagi haikuwa na kosa. Kazi ni kuifuata petroli kutoka kwenye tangi hadi uone inapokwama, na kabureta ndiyo ya mwisho kufunguliwa.

Fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara, injini ikiwa imepoa na waya wa plagi umechomolewa. Mwaga petroli ya zamani yote, utie mpya. Kisha chomoa mpira wa petroli pale unapoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa ya glasi, ufungue koki. Petroli imiminike mfululizo kwa nusu dakika au zaidi. Ikianza vizuri halafu ikafifia, legeza kifuniko cha tangi. Ikirudi kasi yake, kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko kimeziba: hewa haiingii kujaza nafasi, na petroli inazuiwa kushuka. Osha kifuniko kwa maji ya sabuni, kikauke kabisa. Ikiwa inadondoka tu hata kifuniko kikiwa wazi, angalia chujio lililo ndani ya tangi, halafu koki.

Iache chupa itulie dakika chache. Maji, kama yamo, yatajikusanya chini yakiwa matone ya mviringo. Mtungi wa petroli unaoachwa nje msimu wa mvua huwa nayo mara nyingi, na matone machache yanatosha kuziba jeti.

Petroli ikishuka sawasawa, sasa fungua bakuli la kabureta. Funga koki kwanza, weka chombo chini, na utumie spana namba 10, ambayo huingia kwenye boliti ya injini nyingi za aina hii. Petroli iliyolala miezi mitatu huacha utando wa kahawia unaonata, wenye harufu ya rangi ya kupaka iliyooza. Utando huo ukiuona kwenye kuta za bakuli, fahamu uko pia ndani ya jeti.

Kwenye injini za Honda na nyingi za Kichina zinazofuata muundo wake, jeti kuu imefungwa ndani ya ile nguzo ya katikati. Kwenye baadhi ya injini za Briggs & Stratton, boliti yenyewe ya bakuli ndiyo jeti, ina kitundu ubavuni, na mafundi wengi huiosha kwa nje na kuirudisha bila kukiona. Tumia bisibisi inayojaa mfereji wa jeti, kwa sababu madini yake ni laini na mfereji huharibika upesi. Elekeza jeti kwenye mwanga: tundu lionekane duara kamili, bila ukungu ukingoni. Lizibue kwa uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya laini wa umeme. Sindano ya cherehani na waya wa chuma havifai kabisa. Tundu likipanuka hata kidogo, injini itakunywa kupita kiasi, na hapo huna budi kununua jeti nyingine.

Juu ya jeti kuna mrija mdogo wenye matundu ubavuni. Utoe nao, kila tundu lipitishe mwanga. Ondoa mipira na gasketi kabla ya kupuliza dawa ya kusafishia kabureta, kwa kuwa dawa hiyo huivimbisha, na uvae miwani. Floti, lile boya la ndani ya bakuli, itikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ikicheza ndani, imetoboka.

Kabureta mpya inafaa pale mwili wa ile ya zamani umeliwa na kutu nyeupe ya unga, au nyuzi za boliti zimekwisha. Na kila unapoiweka mashine kwa zaidi ya mwezi, funga koki uiache injini iunguze petroli iliyobaki hadi izime yenyewe.

Injini yangu inapanda na kushuka mfululizo hata nisipokata nyasi. Jirani ameniambia nikaze springi ya gavana (kidhibiti mwendo cha injini). – Msomaji, Kasarani

Tafadhali usiiguse springi hiyo. Gavana anafanya kazi yake: petroli inapungua, mwendo unashuka, anafungua, mwendo unaruka, anafunga. Ukikaza springi utapandisha mwendo wa juu kabisa, na nyingi ya injini hizi hazikutengenezwa kuzidi mizunguko 3,600 hivi kwa dakika. Kisu kinachozunguka kupita hapo kinaweza kumuua mtu.

Vuta choki nusu wakati injini inaunguruma. Ikitulia, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Mara nyingi ni jeti ndogo ya sailensa (ya mwendo wa chini, si bomba la moshi) iliyoziba. Tundu lake ni jembamba kuliko la jeti kuu, ndiyo maana huziba kwanza. Ukishaisafisha na hali ikabaki ileile, kagua gasketi kati ya kabureta na injini, na kile kipande cha plastiki kilichopo hapo. Ufa mdogo unaingiza hewa isiyopitia kabureta. Kaza nati zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo, ili kipande kisipinde.

Mashine ya kufyekea ya begani haivuti petroli. Kile kipira cha kubonyeza kinabaki kimebonyea. – Msomaji, Ruiru

Kipira kinachobaki kimebonyea kinasema njia ya kuingilia imeziba. Anza na chujio lililo mwisho wa mpira ndani ya tangi. Livue nje kwa waya uliokunjwa ncha. Kingekuwa kinajaa mapovu bila kukoma, ungetafuta mpira uliopasuka. Kingekuwa kigumu kubonyea, ungetazama njia ya kurudishia petroli kwenye tangi.

Kabureta ya mashine hii haina floti. Petroli husukumwa na ngozi nyembamba inayochezeshwa na mapigo ya hewa kutoka ndani ya injini. Ngozi hiyo ikikauka ikawa ngumu kama karatasi, haisukumi. Hununuliwa pamoja na gasketi zake. Nenda dukani na namba iliyochapwa kwenye kabureta, si jina la mashine.

Kwa mashine inayotaka mchanganyiko wa 1:50, lita 5 za petroli zinahitaji mililita 100 za oili ya injini za mipigo miwili. Kwa 1:25, mililita 200. Pima kwa chombo chenye alama, kamwe si kwa kizibo cha chupa, na usitumie mchanganyiko uliokaa zaidi ya siku 30.

Nimeletewa mashine kutoka Uingereza. Hapa Nairobi inatoa moshi mweusi na plagi inajaa masizi, ingawa ni mpya. – Msomaji, Karen

Kwanza hakikisha chujio la hewa ni safi na choki inafunguka yote. Vikiwa sawa, sababu ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jeti iliyopimwa kwa nchi iliyo karibu na usawa wa bahari inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Honda, kwa mfano, hushauri kabureta irekebishwe kwa injini inayotumika daima juu ya mita 1,500. Muulize muuzaji wa spea jeti ya nyanda za juu ya modeli yako. Nguvu hupungua kwa takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 hata baada ya marekebisho, kwa hiyo nyasi ndefu zikate kwa awamu mbili. Ukiipeleka mashine hiyo Mombasa, rudisha jeti ya zamani kabla ya kuiwasha, la sivyo itakosa petroli na kupata joto la kuiharibu.