Shamba la mizabibu la familia: mmeuliza, tunajibu

Baba mkwe akishika mkasi, anapogoa mizabibu mpaka vinabaki vijiti. Mume wangu analalamika kwamba mzee anatuharibia shamba. Nani yuko sahihi?

Mkwe wako. Mzabibu huzaa kwenye chipukizi la msimu huu, na chipukizi lenye matunda hutoka hasa kwenye tawi lililokua msimu uliopita. Ndiyo maana wazoefu huondoa hata asilimia 90 ya matawi hayo, wakabakiza vipande vifupi vyenye macho mawili mawili, yaani vifundo ambapo chipukizi hutokea. Ukiyaonea huruma utavuna majani, na vishada vyenye punje ndogo zinazochelewa kuiva.

Mkato uwe juu kidogo ya jicho, umeinama upande wa pili ili maji yasilidondokee. Macho yakikaribia kufunguka, mikato itachuruzika matone. Mumeo asishtuke: ni maji yanayopandishwa na mizizi, si ugonjwa.

Jirani ametuahidi vipando vya bure. Tuchukue?

Mimi nisingechukua. Filoksera, mdudu mdogo anayefyonza mizizi, aliingia Ufaransa kutoka Marekani katika miaka ya 1860 akateketeza sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya. Iliyookoa haikuwa sumu, bali kubebesha mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani, ambayo mizizi yake humstahimili. Kipando cha jirani kitaota kwa mizizi yake mwenyewe, na kinaweza kuwaletea virusi vya shamba lake. Bure hiyo itawatokea puani. Nunueni miche iliyobebeshwa, kisha vishada vya mwaka wa kwanza na wa pili viondoeni vikiwa vichanga, mche ujenge mizizi na shina kwanza. Mavuno ya maana huanza mwaka wa 3.

Tumechuma mapema na zabibu ni kali. Tukizifunika zitaiva?

Haziivi. Zabibu ikishakatwa, si kama ndizi, itanyauka tu. Safari ijayo msidanganywe na rangi, maana hutangulia utamu kwa wiki kadhaa. Onjeni za juani na za kivulini, mtazame na mbegu: ikiwa bado ya kijani, subirini.

Kaka yetu huja siku ya mavuno tu, halafu anataka mgawo sawa. Tufanyeje?

Tenganisheni ujira na urithi. Aliyepogoa, aliyefunga matawi kwenye waya na aliyepalilia alipwe kwanza kama ambavyo kibarua yeyote angelipwa. Kinachobaki ndicho faida ya shamba, na hapo kaka yenu ana haki yake kamili, hata kama inawauma. Siku za kazi ziandikwe kwenye daftari jioni ileile. Na wake zenu waandikwe pia. Katika mashamba ya familia wao hufanya kazi nyingi, ila siku ya hesabu hawatajwi.

Tunachachusha mvinyo chumba cha chini. Tukikaa humo kichwa kinauma. Mama anasema ni uchovu.

Si uchovu. Mvinyo unaochachuka hutoa kaboni dioksaidi, gesi nzito kuliko hewa, isiyo na rangi wala harufu. Hutuama chini na huua. Fungueni milango, wekeni feni ya kutoa hewa karibu na sakafu, na asiingie mtu peke yake. Msitegemee kipimo cha mshumaa, kwani gesi inaweza kukudhuru mwali ungali unawaka. Mtu akianguka humo, msimfuate mbio. Iteni waokoaji wenye vifaa vya kupumulia.