Usimwache acheze Jumapili

Wewe uliyejiita Mtoto wa Kampemba hapa jukwaani, usimwache mdogo wako acheze. Nimesoma swali lako nikiwa kwenye foleni ya mafuta, nimetoka foleni ili nikujibu. Mdogo wako ni winga, baba yenu amefariki Jumatatu, mazishi ni Ijumaa, mechi ni Jumapili, na kuna wakala anatoka Dar es Salaam kuja kumwona. Unauliza acheze au asicheze, ale nini maana chakula hakipiti, barua ya ruhusa inaandikwaje, na kama wakala aambiwe au afichwe. Mimi nitashika hilo la kucheza. Poleni kwa msiba.

Nimeona majibu ya juu. Watu tisa wameandika, saba wanasema acheze, "mupira njo dawa", yaani mpira ndio dawa. Ningependa kujua ni nani kati ya hao saba amewahi kuvaa njumu siku mbili baada ya kumzika mzazi. Mimi nimevaa. Goti langu la kushoto linajua mvua inakuja Lubumbashi kabla redio haijasema.

Mwaka 2013 nilikuwa beki wa kati katika timu moja ya hapa, ligi ya taifa, mkataba wenye sahihi, mshahara unaokuja mwezi huu na kuruka unaofuata. Jina la timu silitaji, wengine bado ni majirani zangu. Mama alifariki Jumanne alfajiri kule Likasi. Yaya, dada yangu mkubwa, alinipigia nikiwa kambini. Ni kilomita 120 tu, saa tatu asubuhi nilikuwa uani kwetu: hema limeshafungwa, viti vya plastiki, wanaume na karata zao kando ya moto, kina mama kwenye mikeka ndani. Kilio mnakijua. Mimi ndiye kijana mkubwa wa nyumba, kwa hiyo kila kitu kilikuja kwangu: sanduku, hema, unga, basi la kwaya, shangazi aliyekasirika kwa kuwa hakutumiwa nauli. Usiku wa Jumanne sikulala. Jumatano nilisinzia kwenye kiti mpaka miguu ikavimba. Alhamisi vivyo hivyo. Ukijumlisha usiku wote mpaka Jumamosi, sidhani kama nilipata saa saba za usingizi.

Alhamisi jioni akaja mkubwa mmoja wa komite ya timu, na gari yake. Alileta dola 100 kwenye bahasha na mfuko wa unga. Nilimshukuru karibu nipige magoti. Kumbe ile ilikuwa nauli ya kunirudisha. Akanivuta nyuma ya nyumba, karibu na choo, akaniambia: "Peti, mama amekufa, njo vile Mungu amepanga. Lakini siku ya yenga (Jumapili) tuko na mechi, na ule muntu wa Zambia anakuya kukuangaria. Ukikosa, atachukua mwingine. Lampard mama yake alikufa, akacheza, akafunga. We ni nani?"

Hilo swali la "we ni nani" ndilo lililonimaliza. Ningemjibu leo, mimi ni mtu aliyefiwa na mama. Siku ile nilisema, "Ndiyo, mukubwa, nitakuwepo."

Sasa hiyo hadithi ya Frank Lampard, kiungo wa Chelsea ya Uingereza, nimeifuata mwenyewe baadaye, nikiwa kitandani na muda mwingi wa kupoteza. Mama yake alifariki tarehe 24 Aprili 2008. Tarehe 26 Chelsea walicheza na Manchester United, mechi ya ubingwa kabisa, Lampard hakuwepo. Alirudi tarehe 30, nusu fainali na Liverpool, akafunga penalti kwenye muda wa nyongeza, wakashinda 3-2. Siku sita zilipita, na mechi moja kubwa aliiacha. Mukubwa wa komite alinisimulia penalti, ile mechi aliyokosa akaimeza. Na hakusema kwamba jamaa alikuwa na madaktari wa klabu, na nyumba ambayo mtu anaweza kufunga mlango akalala. Mimi nilikuwa na shangazi.

Yule ndugu aliyeandika hapo juu habari za Olga Carmona wa Hispania, nawe ngoja. Ni kweli, alifunga goli pekee la fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, 20 Agosti 2023, na baba yake alikuwa ameshafariki. Lakini hakujua! Aliambiwa baada ya mechi. Huyo hakucheza na msiba, msiba ulikuwa unamngoja mlangoni. Mdogo wake Mtoto wa Kampemba anajua, ameshaliona sanduku, labda amelibeba.

Na kabla hamjaniletea kipa Alisson wa Liverpool na lile goli la kichwa dhidi ya West Brom: lile lilikuwa Mei 2021. Baba yake alifariki Februari. Mechi iliyofuata kifo, ya Sheffield United, hakucheza. Watu wa mitandao wanapenda sana Mei. Ronaldo ndiyo, nakubali, Aprili 2022 alipoteza mtoto, akakosa mechi ya Liverpool, siku chache baadaye akafunga dhidi ya Arsenal. Ronaldo ni Ronaldo. Hata hivyo timu yake, Manchester United, ilifungwa 3-1.

Narudi kwangu. Ijumaa tukazika. Jumamosi jioni nikarudi Lubumbashi na basi, nimesimama nusu ya njia. Daktari wa timu aliniuliza swali moja la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye mpira: "Umelala?" Nikasema nimelala vizuri, daktari. Hapo ndipo nilipojiua mwenyewe. Mukubwa wa komite alinisukuma mpaka mlangoni, lakini mlango niliufungua mimi kwa mdomo wangu. Ningesema kweli, yule daktari angeniweka benchi, alikuwa mtu mwenye akili.

Uwanja wa Kibasa Maliba, pale mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, jua kali, watu wengi. Kitambaa cheusi mkononi. Na sikiliza hii vizuri, maana ndiyo itakayowadanganya: dakika 20 za kwanza nilicheza kama simba. Kila mpira wa juu wangu. Washabiki wanaimba jina la mama yangu, sijui nani aliwafundisha. Nikajiambia, kumbe ni kweli, mupira njo dawa. Ile haikuwa nguvu. Ni mwili unaokopa, na hausemi riba ni ngapi.

Dakika ya 31 nimepewa mpira na beki wa kushoto, hakuna mtu karibu, mtoto wa shule angeurudisha kwa kipa. Unajua nilikuwa nawaza nini? Sikuwa namwaza mama. Nilikuwa nahesabu deni la sanduku. Seremala alibakiza dola 80, nilikuwa natoa na kujumlisha: dola 100 za mukubwa, toa unga wa nyongeza, toa basi la kwaya. Nikapiga pasi ya nyuma kama mtu anayesukuma kopo barabarani. Mshambuliaji wao akaiona kabla yangu. Nikageuka kumkimbiza, mguu wa kushoto ukabaki chini, mwili ukaenda. Nikasikia "ta!" Watu wa jukwaani wanasema na wao walisikia, lakini watu wa jukwaani wa Lubumbashi husikia mengi.

Goli. Mimi chini kama gunia la mahindi lililoanguka kwenye lori la Kasumbalesa. Na bado ujinga haujaisha: niliinuka! Nikasema ni kidogo tu, nikachechemea dakika nne nyingine kwa sababu ya yule Mzambia, mpaka goti likatoka upande wake na mimi upande wangu. Kano ya mbele ndani ya goti ilikatika, na lile gegedu laini la pembeni likaharibika juu yake. Sijui ni sehemu gani iliharibika kwa pasi na ni sehemu gani kwa hizo dakika nne. Sitaki kujua.

Mzambia alipanda gari kabla ya mapumziko. Alitoka Ndola, ni nusu siku ya barabara na mpaka! Angeombwa arudi baada ya wiki tatu angekuja. Hakuna aliyemwomba, hata mimi sikufikiri. Nilidhani nafasi ni kama basi la mwisho la Katuba.

Kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa ananikunja goti miezi yote ile ndiye aliyenieleza. Aliniambia mtu aliyebanwa na mawazo macho yake nayo hubana, anaona mbele, pembeni haoni. Misuli hukaza pale inapotakiwa kulegea. Mawazo yanatoka uwanjani bila ruhusa ya refa. Wamarekani wawili, Andersen na Williams, waliyaandika haya tangu 1988, wakieleza kwa nini mchezaji mwenye msongo huumia kuliko mwenzake. Ongeza usiku bila usingizi, miguu inachelewa kupokea amri. Kuchelewa kidogo sana, lakini beki wa kati anaishi kwenye hicho kidogo, na winga pia.

Kine huyo huyo alinionyesha orodha moja ya zamani, ya 1967, ya Holmes na Rahe, inayopima mikasa ya maisha kwa pointi. Kufiwa na mtu wa karibu wa familia ni 63, sawasawa na kufungwa jela. Kuumia mwenyewe 53. Kufukuzwa kazi 47. Mimi ndani ya msimu mmoja nilikusanya zote tatu, pointi 163. Ndiyo mara pekee niliyoongoza jedwali.

Ndiyo, nilifukuzwa. Mkataba haukuongezwa. Mukubwa wa komite hakuja kuniona hata na kipande cha sabuni. Halafu akaulizwa redioni kwa nini tulipoteza ile mechi, akasema, nanukuu kwa moyo, "Ule kijana alikuwa na kilio, haikufaa apangwe." Nilikuwa nakula bukari (ugali) na sombe (kisamvu), nikatupa kijiko. Huyu mtu alikuja Likasi kunitoa kwenye kilio! Alinisimamisha karibu na choo cha mama yangu! Na sheria ya kazi ya nchi hii yetu ya Kongo, ya 2002, inampa mfanyakazi siku 4 za kazi akifiwa na mzazi, hata wa ofisini anayekaa kwenye kiti siku nzima. Kwake mimi nilistahili bahasha. Mpaka leo tukikutana mjini ananiita "kapiteni". Sikuwahi kuwa kapiteni.

Kwa hiyo kanuni yangu, na vijana ninaowafundisha pale Katuba wameizoea mpaka wananicheka: siku hazihesabiwi, usiku ndio unaohesabiwa. Usiku tatu mfululizo umelala kitandani mwako, si kwenye kiti, si mkekani na wajomba, umelala mpaka jua likakuamsha. Hapo uvae njumu. Ikichukua siku tano sawa, ikichukua mwezi sawa. Kukimbia polepole asubuhi akitaka akimbie, kugusa mpira peke yake aguse, kuna wanaotulia hivyo. Mechi hapana. Kijana wangu mmoja mwaka jana alifiwa na bibi aliyemlea, baada ya siku nane akaja amenyoa, anacheka. Nikamuuliza usiku. Akaanza kuangalia chini. Nikamrudisha kwao na mpira chini ya kwapa, akanichukia wiki mbili.

Mtaniambia kila mtu ana mwili wake. Sawa. Wapo walioweza. Lakini mchezaji mwenyewe hawezi kuwa shahidi wa mwili wake wiki ile, mimi nilikuwa nasema niko fiti na nilikuwa naamini. Ndiyo maana simuulizi mtu kama yuko tayari. Namuuliza alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, na namuuliza mtu anayelala naye chumba kimoja.

Leo ni Alhamisi. Usimpigie mdogo wako, atakwambia yuko fiti. Mpigie mama yenu au yeyote aliye pale kwenye kilio, muulize kijana amelala wapi jana na aliamka saa ngapi. Halafu andika hapa hapa, nipo mpaka saa nne usiku. Na kama kuna gari ya mtu wa komite imeegeshwa nje, niambie pia.