Sanduku la Wasomaji: Je, Vitabu vya Katuni ni Akiba?

SWALI: Ndugu mwandishi, shikamoo. Mjomba wangu aishiye Marekani amenitumia vitabu kadhaa vya katuni vya mashujaa, vyote vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na vyote vikiwa bado ndani ya mifuko yake ya plastiki, akaagiza nisivifungue kamwe kwa kuwa siku moja vitanilipia ada za watoto. Kimoja ni kile cha kifo cha Superman. Je, nivitunze hivyo hivyo na kuongeza vingine? Jambo la pili: rafiki zangu hunicheka wakisema kwamba mtu aliyewajua mashujaa hawa kupitia filamu hana haki ya kujiita shabiki.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Vifungue, uvisome.

Mjomba wako bila shaka amesikia habari za Action Comics namba 1, toleo la mwaka 1938 ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza. Liliuzwa kwa senti 10 za Marekani, na mwaka 2024 nakala yake moja ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6. Kinachosahaulika ni sababu ya bei hiyo. Watoto walilisoma, wakalikunja, wakaazimana hadi likachanika, na wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi za kila aina zilikusanywa majumbani kwa ajili ya mahitaji ya vita, hivyo kwamba nakala zilizonusurika ni chache mno. (Atafutaye leo magazeti ya Sani ya miaka ya 1980 yaliyo mazima atanielewa.)

Hali ya vitabu vyako ni kinyume kabisa. Mwaka 1991 kampuni ya katuni ya Marvel ilitoa X-Men namba 1 ikiwa na majalada matano tofauti, na zikauzwa nakala zaidi ya milioni 8, si kwa sababu walikuwapo wasomaji milioni 8, bali kwa sababu watu wengi, pamoja na wenye maduka, walinunua nakala nyingi wakaziweka kabatini wakisubiri bei ipande. Kifo cha Superman, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1992 ndani ya mfuko mweusi, kilinunuliwa kwa namna hiyo hiyo, ilhali shujaa mwenyewe alikwisha kurejea mwaka uliofuata. Kitu ambacho kila mtu amekihifadhi hakiwezi kuwa adimu. Ulanguzi huo ulipoanguka, maduka mengi yalifungwa, na Desemba 1996 Marvel yenyewe ikaomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika.

Tena, fedha za minada hazimfikii aliyechora. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland waliombuni Superman, waliuza haki zake kwa dola 130. Waliishi miaka mingi kwa shida, wakashindwa mahakamani, na ni mwaka 1975 tu, baada ya kelele za magazeti huku filamu kubwa ya Superman ikiandaliwa, ndipo kampuni iliyomiliki haki hizo ilipokubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi hiyo. Kwa hiyo, ukiwa na fedha za ziada, nunua kazi ya mchoraji aliye hai.

Kuhusu rafiki zako, nadhani umekwisha kuwapita bila kujua. Ikiwa uliipenda filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, uliwapenda pia watunzi wa vitabu. Mhusika huyo, mfalme aliye pia shujaa, alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966 katika Fantastic Four namba 52, lakini adui yake Killmonger alitokana na Don McGregor mwaka 1973, na walinzi wa kike wa mfalme walitokana na Christopher Priest mwaka 1998. Shabiki anayestahili jina hilo angekutajia watu hawa na kukuazima vitabu vyao. Kumcheka mgeni ni kazi rahisi isiyohitaji kusoma chochote. Mimi ningekuanzishia kwa Priest, ambaye ana mzaha mkali na hamtendei msomaji kama mtoto.

Kile cha kifo cha Superman kisome ukiwa na matoleo matatu yaliyokitangulia, kama mjomba ameyatuma. Katika toleo la kwanza kati ya hayo kila ukurasa una picha nne, katika linalofuata tatu, kisha mbili, na katika kitabu chako, alichokitunga na kukichora Dan Jurgens, kila picha inajaza ukurasa mzima, hata pigo la mwisho likafika pasipo nafasi ya kukwepa. Hadithi yenyewe ni nyepesi, nakiri, lakini mpangilio huo ni ufundi wa hali ya juu, nao hauonekani kupitia plastiki.