Nirudie GRE au Niache?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26, niko Morogoro, nilimaliza shahada ya uchumi wa kilimo miaka miwili iliyopita. Mwezi wa Juni nilifanya mtihani wa GRE Dar es Salaam ili niombe nafasi ya uzamili Marekani. Nilijiandaa miezi mitatu, kila usiku baada ya kazi. Kituo kimoja cha masomo ya ziada kiliniuzia orodha ya maneno 1,500 ya Kiingereza, nikayakariri yote na maana zake. Nikapata 149 ya hisabati, 144 ya lugha na 3.0 ya insha. Nililia kwenye daladala. Kidato cha sita nilipata B ya hisabati, kwa hiyo sielewi imekuwaje. Mwisho wa maombi ni katikati ya Desemba. Je, nirudie? Vyuo vitaziona alama hizi? Ni kweli kwamba ukibahatisha unakatwa? Na nisome nini tena wakati nimeshasoma kila kitu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana na mimi nilishatoka kwenye chumba hicho nikiwa sijui naelekea wapi. Ilikuwa 2013. Nilipanda basi kutoka Tanga, nikalala kwa shangazi yangu Temeke, asubuhi nikaenda kufanya mtihani huo, enzi hizo ukichukua karibu saa nne. Nikapata 147 ya hisabati, na kazi yangu ilikuwa kufundisha hisabati sekondari. Wiki kumi na moja baadaye nilirudi nikapata 157. Katika wiki hizo sikujifunza mada mpya hata moja. Ndiyo maana nakuomba usinunue orodha nyingine wala kitabu kingine kabla hatujaelewana juu ya kilichokupata Juni.

Nianze na yale ya haraka. Rudia. Unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, na ndani ya miezi 12 unaweza kuufanya hadi mara 5. Alama hudumu miaka 5, na wewe ndiye unayechagua ni za siku ipi zitumwe chuoni, kwa hiyo za Juni unaweza kuziacha zilipo. Ila za siku moja hutumwa zote kwa pamoja: huwezi kuchukua hisabati ya Oktoba ukaiunganisha na insha ya Juni. Kubahatisha hakukatwi chochote. Swali lililoachwa wazi na swali lililokosewa thamani yake ni moja, basi sekunde za mwisho za kila sehemu jaza kila kilichobaki. Halafu, kabla hujalipa tena ada inayozidi dola 200, ingia kwenye tovuti ya kila idara unayoiomba usome masharti yake ya sasa. Tangu 2020 idara nyingi Marekani zimeacha kuudai mtihani huu. Huenda katika orodha yako wanaoutaka ni wawili tu.

Sasa hisabati, na hapa nitakaa.

GRE haina kalkulasi (calculus), wala trigonometria. Ni asilimia, uwiano, milinganyo, maumbo, wastani, uwezekano na kusoma chati. Mtu mwenye B ya kidato cha sita hakosi hayo kwa kutoyajua. Mimi naamini yanatuponyoka kwa sababu ya namna tulivyofunzwa kufanya mitihani. Mtihani wetu wa taifa unatoa alama za njia. Ukianza vizuri, ukapanga hatua zako, hata jibu likipotea mwishoni, msahihishaji anakupa haki yako. Kwa hiyo tukazoea kung'ang'ana. Mwalimu wangu wa kidato cha nne alikuwa akituambia swali halikimbiwi, na kwa mtihani ule alikuwa sahihi kabisa. Lakini kompyuta ya GRE haioni njia yako. Inaona jibu tu, na swali gumu kuliko yote katika sehemu lina uzito uleule wa swali jepesi kuliko yote.

Siku ile mwaka 2013, swali langu la tano lilikuwa la kawaida, la aina niliyowafundisha watoto darasani. Nilikosea kwenye kujumlisha sehemu, nikafuta, nikaanza upya, nikafuta tena. Nilipoinua macho kwenye saa ya skrini, dakika sita na nusu zilikuwa zimekwenda. Maswali manne ya mwisho sikuyasoma kabisa. Huenda matatu kati ya hayo ningeyapata bila hata kushika kalamu. Hilo liliniuma kuliko alama yenyewe.

Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, sasa ni chini kidogo ya saa mbili. Hisabati ina sehemu mbili: maswali 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Piga hesabu utaona kila swali lina dakika 1 na sekunde 45 hivi. Na ugumu wa sehemu ya pili hupangwa kutokana na ulivyofanya ya kwanza. Ukizamia kwenye swali moja mwanzoni, unaponza na yale ambayo hata hujayaona.

Fanya hivi. Ndani ya sehemu unaruhusiwa kuruka swali, kuliwekea alama na kulirudia. Pita mara ya kwanza ukichukua yale unayoyaona njia yake papo hapo. Swali ambalo hujalijulia pa kuanzia baada ya kulisoma mara mbili, weka jibu lolote, weka alama, nenda. Kisha rudi. Nyumbani tega simu yako ilie kila baada ya dakika mbili, na ikilia inua mkono kwenye karatasi hata kama umebakiza mstari mmoja. Wiki ya kwanza mkono utakataa, kwa kuwa ni miaka mingi umefunzwa kinyume chake. Wangu ulikataa kwa siku tisa.

Jambo la pili ni daftari. Uliniambia umesoma kila kitu, lakini hukuniambia hata swali moja ulilokosa na sababu ya kulikosa. Chukua daftari la kawaida, chora safu tatu: Sikujua, Nilisoma vibaya, Niling'ang'ania. Kila swali la mazoezi unalokosa liweke kwenye safu yake, na andika kwa sentensi moja ulichofikiri wakati ule. Usiandike jibu sahihi peke yake, hilo litakudanganya kwamba umeelewa. Katika makosa yangu 60 ya kwanza, 11 tu yalikuwa ya kutojua. Yaliyobaki, 31 nilisoma vibaya na 18 niling'ang'ania. Mimi nilikuwa nimejipangia kurudia sura nzima za kitabu kwa sababu ya yale 11.

Na kusoma vibaya kwetu sisi kuna sababu yake: swali tunalisoma kwa lugha ya tatu huku saa inakimbia. Tiba niliyoipata ni Kiswahili. Kila nilipokutana na "at least" niliandika pembeni "isipungue", na penye "at most" nikaandika "isizidi". Ukishaandika isipungue 3, huwezi tena kuiacha 3 yenyewe nje. Asilimia nazo ni hivyohivyo. 60 ni asilimia 150 ya 40, lakini imezidi 40 kwa asilimia 50. Kwa Kiswahili "ya" na "imezidi kwa" hazifanani hata kidogo, ila kwa Kiingereza cha haraka jicho linaziruka. Au fikiria khanga ya shilingi 10,000: ipandishe asilimia 20, kisha ishushe asilimia 20. Wengi wanaandika 10,000. Ni 9,600, kwa sababu unaposhusha unashusha kutoka 12,000.

Kwenye maswali ya kulinganisha kiasi viwili, acha kujaribu namba nzuri peke yake. Ukiambiwa x ni kubwa kuliko 0 ulinganishe x na x kwa kipeo cha pili, ukijaribu 2 utaapa cha pili ndicho kikubwa. Jaribu nusu: kipeo chake cha pili ni robo. Jaribu 1: vinalingana. Jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Zoea kujaribu sifuri, moja, sehemu na namba hasi kila swali linapokuruhusu.

Upande wa lugha nitasema kidogo, ila nataka unisikilize kuhusu ile orodha ya maneno 1,500. Si kwamba umepoteza muda, maneno utayahitaji. Lakini uliyakariri yakiwa peke yake, na GRE hukupa neno likiwa ndani ya sentensi yenye kona. Kwenye maswali ya kujaza pengo, funika majibu kwa mkono. Soma sentensi, tafuta kiungo kinachoigeuza, halafu weka neno lako mwenyewe, hata la Kiswahili. "Ingawa mzee alionekana ___ hadharani, nyumbani alikuwa mwingi wa maneno." Umeshasema mkimya kabla hujaona chochote. Sasa ndipo ufunue utafute anayefanana na mkimya. Ukianza na majibu, neno uliloliona kwenye orodha litakuita kwa kuwa tu unalifahamu.

Kwenye vifungu vya kusoma, angalia sana vifungu vya kilimo na uchumi. Hapo ndipo mtu wa fani yako huanguka, maana hujibu anachokijua badala ya kilichoandikwa. Jibu ambalo huwezi kuliwekea kidole kwenye mstari wa kifungu, liache, hata kama ni kweli tupu.

Insha sasa ni moja tu, dakika 30. ETS, wanaoandaa mtihani, wameweka hadharani bure orodha nzima ya mada zinazoweza kutoka. Chagua mbili kila wiki, uandike kwa kompyuta, si kwa simu wala kwa kalamu. Zima kisahihishi cha tahajia, kwa sababu siku ya mtihani hakipo. Kama huna kompyuta, azima Jumamosi na Jumapili. Kidole kinachotafuta herufi kinakula dakika zako za kufikiri.

Nimepokea barua yako mwanzoni mwa Agosti. Chagua siku mwishoni mwa Oktoba. Likitokea la kutokea, siku 21 baadaye bado ni Novemba, na matokeo rasmi hutoka ndani ya siku 8 hadi 10, kwa hiyo Desemba haitakuwa imekupita. ETS wana mitihani ya majaribio ya bure kwenye tovuti yao. Usiifanye yote wiki hii kwa hasira. Fanya mmoja Jumamosi ijayo, saa ileile utakayofanyia mtihani, simu ikiwa chumba kingine. Mwingine uuhifadhi hadi katikati ya Septemba. Siku zilizobaki, dakika 90 zinatosha: 45 za maswali, 45 za daftari. Hizo za daftari usizipunguze hata siku umechoka, afadhali upunguze maswali.

Na safari hii usisafiri alfajiri ile ile kutoka Morogoro. Njoo siku moja kabla, ukakione kituo cha mtihani kwa macho, uhakikishe jina ulilojisajilia linalingana na la pasipoti herufi kwa herufi.

Ukimaliza jaribio la Jumamosi, panga makosa yako kwenye zile safu tatu, uniandikie idadi ya kila safu. Namba tatu tu. Nikiziona nitajua Septemba yako tuipange vipi.