Usianze na maana ya maneno: nilivyojifunza jenetiki ya bakteria na virusi

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni niliweza kueleza kwa kichwa maana ya transfomesheni, konjugesheni na transdaksheni, njia tatu ambazo jeni huhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, bila kuacha neno. Ukaja mtihani. Swali lilikuwa fupi: aina mbili za bakteria zimechanganywa, na jeni imehama kutoka aina moja kwenda nyingine. Kilipoongezwa kimeng'enya kinachokata DNA, jeni iliendelea kuhama. Aina hizo zilipotenganishwa kwa chujio ambalo bakteria hawapiti, uhamaji ukakoma. Jeni ilipita njia gani?

Nilijaza kurasa mbili za maana ya maneno. Zote zilikuwa sahihi, na swali sikulijibu. Nilipata sifuri, na haki yangu ilikuwa hiyo.

Tangu hapo nimewasaidia wanafunzi wengi katika somo hili, na karibu wote hukwama palepale nilipokwama. Wanajua majina ya njia tatu, ila hawajui zinatofautishwaje. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kila unapokutana na njia ya kuhamisha jeni, jiulize kwanza ni kitu gani kingeizuia. Ukilijua hilo, jina la njia litakuja lenyewe.

Na hivyo ndivyo wagunduzi wenyewe walivyofanya. Mwaka 1928 Frederick Griffith aliwadunga panya bakteria wa nimonia. Aina yenye koti la nje iliwaua panya. Aina isiyo na koti haikuwadhuru. Aina yenye koti, ikiuawa kwanza kwa joto, nayo haikuwadhuru. Lakini alipochanganya wafu wenye koti na hai wasio na koti, panya walikufa, na ndani ya damu yao wakakutwa bakteria hai wenye koti. Kuna kitu kilitoka kwa wafu kikaingia kwa walio hai. Kitu gani? Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty walijibu mwaka 1944 kwa njia ya kuzuia: waliharibu protini, mabadiliko yakaendelea, waliharibu RNA, yakaendelea, waliharibu DNA, yakakoma. Hiyo ndiyo transfomesheni: DNA iko wazi nje ya seli, kwa hiyo kimeng'enya kinaifikia na kuikata kabla haijachukuliwa.

Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walichukua aina mbili za *E. coli*, kila moja ikiwa imepoteza uwezo wa kujitengenezea baadhi ya virutubisho, na kila moja ikikosa vile ambavyo mwenzake anavyo. Zikipandwa peke yake, hakuna inayoota kwenye sahani isiyo na virutubisho hivyo. Zilipochanganywa, wachache wakaota. Bernard Davis mwaka 1950 akaziweka katika mikono miwili ya neli yenye umbo la U, katikati chujio. Maji yalipita, bakteria hawakupita, na hakuna aliyebadilika. Kumbe ni lazima seli zigusane. Konjugesheni hiyo.

Kisha Norton Zinder na Lederberg, mwaka 1952, wakafanya jaribio la neli hiyohiyo kwa *Salmonella*, na safari hii jeni ikavuka chujio! Mtu angesema basi ni DNA iliyo wazi. Wakaweka kimeng'enya, bado ikavuka. Kilichokuwa kikivuka ni faji, yaani kirusi kinachoshambulia bakteria, kilichobeba kipande cha DNA ya bakteria ndani ya ganda lake la protini. Ganda ndilo lililoikinga na kimeng'enya, na udogo wa kirusi ndio uliokipitisha kwenye chujio. Transdaksheni hiyo.

Sasa rudi kwenye swali langu la mtihani. Kimeng'enya hakikuzuia, chujio limezuia. Unaona jibu lilivyo jepesi? Ningekuwa nimesoma majaribio haya matatu kwa siku moja, badala ya kukariri kwa wiki mbili, ningelijibu kwa mstari mmoja.

Ushauri wa pili niliupata maabara, na huo sikuupenda mwanzoni. Tulipewa *E. coli* mtoaji mwenye plasmidi, yaani kile kipande cha DNA cha mviringo kinachojitegemea nje ya kromosomu, chenye jeni ya usugu dhidi ya ampisilini. Mpokeaji alikuwa sugu kwa streptomaisini, na usugu wake uko kwenye kromosomu. Unawachanganya, unawaacha wagusane, kisha unawapanda kwenye sahani yenye dawa zote mbili. Mtoaji atauawa na streptomaisini, mpokeaji wa kawaida atauawa na ampisilini. Atakayeota ni mpokeaji aliyepata plasmidi.

Niliziacha sahani kwenye inkubeta siku mbili badala ya usiku mmoja. Nilipozitoa nikafurahi mno: makoloni, yaani vishada vya bakteria, makubwa machache, na kuzunguka kila moja, vijikoloni vingi vidogo kama unga uliomwagika. Nikahesabu vyote. Fundi sanifu wa maabara, mama mmoja mtulivu aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, akainama juu ya sahani.

"Mwanangu, hivi vidogo umevihesabu vya nini?"

"Si makoloni pia, mama?"

Hakunibishia. Akanipa kijiti na sahani mpya yenye ampisilini. "Chukua kidogo kimoja na kikubwa kimoja, uvipande hapa. Uje kesho."

Kesho yake kikubwa kilikuwa kimeota vizuri. Upande wa kidogo ulikuwa mtupu. Maelezo yake ni haya: aliyepata plasmidi hutengeneza kimeng'enya kinachovunja ampisilini, na kimeng'enya hicho huvuja hadi nje. Baada ya muda dawa iliyomzunguka inaisha nguvu, na wapokeaji wa kawaida waliokuwa wamezubaa pale wanaanza kuota kwa kivuli cha jirani. Hawakupokea jeni yoyote. Ningeandika ripoti yangu ilivyokuwa, ningedai uhamaji wa jeni mara nyingi zaidi ya uliotokea.

Alinionyesha na kosa la pili siku hiyohiyo. Sikuwa nimepanda mtoaji peke yake wala mpokeaji peke yake kwenye sahani yenye dawa mbili. Bila sahani hizo, utajuaje kwamba walioota si wale ambao jeni zao zilibadilika zenyewe? Mabadiliko ya namna hiyo hutokea, tena bila kusubiri dawa. Salvador Luria na Max Delbrück walilionyesha mwaka 1943 kwa bakteria na faji. Wachache wanaoweza kuvumilia huwa wamekwisha kuwepo kabla hawajakutana na kinachowaua. Kwa hiyo panda sahani za kulinganishia kwanza kabla ya nyingine zote, hata muda ukiwa mfupi.

Hapa kuna jambo linaloniuma kila nikilisikia: "mwili wake umeizoea dawa." Mwili haujazoea kitu. Walio sugu ni bakteria, na mara nyingi hawakuupata usugu kwa mabadiliko yao wenyewe bali waliupokea. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Japani iliwakuta bakteria wa kuhara damu, *Shigella*, wakiwa sugu kwa dawa kadhaa kwa mpigo, na wachunguzi huko wakaonyesha kwamba usugu wote huo ulihama pamoja, hata kati ya *Shigella* na *E. coli*, kwa kugusana. Plasmidi moja, jeni kadhaa. Na mtoaji hapungukiwi, maana anapitisha nakala na kubaki na yake. Wala usidhani konjugesheni ni kuzaana: seli mbili zilizokutana zinaachana zikiwa mbili.

Kwenye Hfr, yaani mtoaji ambaye plasmidi yake ya F, ile inayomwezesha kutoa jeni, imejiunga na kromosomu yake, wengi hukata tamaa. Wewe chora. Mimi huchora kromosomu ya mtoaji kama kamba inayovutwa kupitia tundu, jeni moja baada ya nyingine. Élie Wollman na François Jacob waliwatenganisha mtoaji na mpokeaji kwa blenda kila baada ya dakika kadhaa, wakaona jeni zipi zimeshaingia. Ndiyo maana ramani ya *E. coli* hupimwa kwa dakika, 100 kwa kromosomu nzima. Sehemu kubwa ya kipande cha F huwa mkiani mwa kamba, na kamba hukatika kabla ya kufika huko; basi mpokeaji kwa kawaida habadiliki kuwa mtoaji. Ukiichora mara tatu kwa mkono wako hutaisahau.

Virusi navyo usiviweke sura ya mwisho ya daftari. Sumu ya dondakoo na sumu ya kipindupindu zote hutokana na jeni zilizoletwa na faji. Bakteria asiye na faji hiyo hana sumu hiyo. Na virusi vyenyewe hubadilishana: jeni za kirusi cha mafua ya aina A zimegawanyika katika vipande 8, na aina mbili zikiingia seli moja, watoto wao wanaweza kutoka na mchanganyiko wa vipande vya pande zote mbili. Kirusi cha mwaka 1968 kilipatikana hivyo, na cha 2009 vilevile.

Kama una kalamu karibu, jaribu hili. Jeni ya usugu inahama kutoka aina A kwenda aina B. Chujio halizuii. Kimeng'enya cha kukata DNA hakizuii. Lakini ukitumia aina B iliyopoteza protini moja ya ukuta wa nje, hakuna koloni hata moja. Andika njia ni ipi, protini ile ilikuwa na kazi gani, na sahani zipi za kulinganishia ungepanda kabla ya kuniamini.