Soma Namba Ndogo Kwanza

Kila kijana anayekuja kujifunza kazi ya video kwangu hapa Bagamoyo huanza na swali lile lile: "Kaka, ninunue kadi ya giga ngapi?" Simlaumu. Kwenye kadi ya kumbukumbu ya kamera, giga ndizo zimeandikwa kwa herufi kubwa, na muuzaji naye anapanga bei kwa giga. Mimi pia nilinunua hivyo, mpaka siku ya nikahi moja pale Dunda.

Nilikuwa nimeazima kamera ya jamaa yangu, nikaiweka kwenye 4K (picha kubwa yenye ubora wa juu) ya megabiti 400 kwa sekunde kwa sababu namba kubwa ilinipendeza. Kadi ilikuwa mpya, giga 128, imeandikwa "170" kwa rangi ya dhahabu. Shehe kamshika mkono bwana harusi, watu kimya, nami nikabonyeza kitufe. Hazikupita sekunde nyingi, kamera ikaacha kurekodi yenyewe na kuniambia kadi haiandiki kwa kasi ya kutosha. Nikabonyeza tena, ikaacha tena. Nikatoa betri, nikairudisha. Kamera ilipowaka, bwana harusi alishasema "nimekubali" na watu wanapeana mikono. Nikahi hairudiwi kwa ajili ya mpiga video. Ilibidi nimwombe binamu wa bibi harusi klipu ya simu yake, na ndiyo iliyoingia kwenye video ya familia, imesimama wima kama mlango katikati ya picha zangu za 4K.

Kamera ilikuwa nzima, na kadi ilikuwa halali. Mimi ndiye sikusoma. Ile 170 ni kasi ya kusoma, yaani ya kutoa picha kwenda kwenye kompyuta, tena ni kasi ya juu kabisa siku mambo yakiwa mazuri. Kamera haihitaji ahadi ya siku nzuri. Inahitaji kujua kadi haitashuka chini ya kasi gani inapoandika, na jibu liko kwenye herufi V na namba yake ndogo. V30 maana yake kadi imeahidi kutoshuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde. V60 ni 60, V90 ni 90. Kadi za zamani zina alama ya U: U3 ni sawa na 30, U1 ni 10. Ile C yenye 10 ndani yake nayo ni 10 tu. Yangu ilikuwa V30.

Sasa hesabu, na hii nawafundisha vijana kabla hata hawajashika stendi. Kamera huongea kwa megabiti, kadi huongea kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo chukua namba ya kamera, gawa kwa 8. Megabiti 400 ni megabaiti 50 kwa sekunde: V30 inazama, V60 inatosha. Megabiti 100 ni megabaiti 12.5, na hapo V30 inatosha na chenji inabaki. Hesabu hiyo hiyo inakupa muda. Giga 128 ni megabaiti 128,000. Gawa kwa 50 unapata sekunde 2,560, kama dakika 42. Ukirekodi kwa megabiti 100, kadi ile ile inakupa karibu saa 2 na dakika 50. Ukijua hivyo utaacha kupiga hotuba za sendofu kwa megabiti 400. Mjomba anayesoma karatasi kwa nusu saa anatosha kabisa na 100.

Ukipanda juu zaidi, kadi hizi ninazozisema, za SD, zinafika mwisho wake. ProRes 422 HQ, aina ya faili ya video yenye ubora mkubwa, ya 4K kwa fremu 25 kila sekunde inakula karibu megabiti 737, yaani megabaiti 92 kila sekunde, na hata ahadi ya V90 haifiki hapo. Ndipo zinapoingia CFexpress, aina nyingine ya kadi yenye kasi zaidi, na SSD, diski ya nje isiyo na sehemu inayozunguka. CFexpress zina maumbo: Type A ni ndogo, ukomo wake katika toleo la 2.0 ni kama megabaiti 1,000 kwa sekunde, Type B ni kubwa kidogo na ukomo wake ni mara mbili ya huo. Hazibadilishani matundu. CFast nayo, ingawa kwa umbo inafanana na CF ya zamani, ni kitu kingine kabisa. Usikubali kuambiwa "itaingia tu".

Ukibahatika kupata kazi kwenye kituo cha televisheni unaweza kukuta kamera za zamani zenye kadi za P2 za Panasonic, zilizoingia mwaka 2004, au SxS, ambazo Sony na SanDisk walizitangaza mwaka 2007. Usizicheke. Ndizo zilizowatoa watu kwenye kanda. Ndani ya P2 mlikuwa na kadi nne za SD zikigawana mzigo, na ndiyo siri ya kasi yake.

SSD inawavutia vijana kwa sababu giga zake ni rahisi. Zipo kamera, kwa mfano Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K, zinazoandika moja kwa moja kwenye SSD ya nje kwa waya wa USB-C. Nazitumia na nazipenda, lakini zina hila. SSD nyingi za bei ya chini hupokea picha kwanza kwenye sehemu ya haraka, kisha huzihamishia ndani polepole. Nenda ufukweni kwetu alfajiri utaelewa: ngalawa za kwanza zinashusha samaki upesi kwa kuwa meza za mnada ziko tupu, meza zikijaa, anayekuja nyuma anasubiri. SSD ya namna hiyo inakwenda vizuri dakika za mwanzo, halafu inaporomoka katikati ya ngoma. Kwa hiyo kabla ya kuipeleka kazini ijaze yote nyumbani, kwa mpangilio mkubwa utakaoutumia, kamera ikiangalia ukuta. Waya nao ufunge kwa kibano. Ukilegea kidogo tu, umepoteza klipu.

Jaribio hilo la kujaza lina faida nyingine: linafichua kadi bandia. Kuna kadi imeandikwa giga 256 na kompyuta inaonyesha 256, kumbe ndani ni 32. Inapokea kila kitu bila kulalamika, na faili zina majina na ukubwa wake, ila zikifunguliwa hamna kitu. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, hujaza kadi nzima kisha huisoma yote na kukuambia ukweli. Zote ni za bure. Nunua, jaribu siku hiyo hiyo, na risiti usiitupe.

Jambo la kadi rida, kifaa cha kusomea kadi kwenye kompyuta, watu hulidharau. Kadi ya UHS-II, kizazi cha kasi zaidi kuliko UHS-I, ina safu mbili za vipande vya shaba nyuma yake. Ukiiweka kwenye rida ya UHS-I, inatumia safu moja tu na kasi haivuki megabaiti 104 kwa sekunde. Giga 128 zilizonichukua zaidi ya dakika 20 kunakili, kwa rida inayostahili zilinichukua chini ya 10. Usiku wa harusi, saa 8, umechoka na gari la kukurudisha linapiga honi, tofauti hiyo ndiyo inayokufanya unakili au useme "nitafanya kesho".

Na usiseme kesho. Nakili sehemu mbili kabla ya kulala. Nimesema nakili, sikusema hamisha: ukikata na kubandika, umeme ukazimika katikati, unaweza kuamka huna huku wala kule. Tumia programu ya kunakili inayolinganisha faili kwa hesabu, asili na nakala, badala ya kuangalia kwamba folda mbili zina ukubwa sawa. Kisha fungua klipu tatu nne, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, uzitazame kwa macho yako. Mpaka hapo kadi haifutwi. Ikifika zamu ya kufuta, fomati ndani ya kamera itakayoitumia. Kufuta klipu moja moja kazini ili upate nafasi ndiko kunakoleta msiba wa kufuta isiyo yenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kadi ni mali hasa. Zangu zina namba za wino. Iliyo tupu inakaa kwenye kijaluba uso juu, iliyojaa uso chini, na msaidizi wangu haruhusiwi kugeuza hata moja bila kuniambia. Kamera ikiwa na matundu mawili, rekodi kwenye kadi zote mbili kwa pamoja, na kumbuka ile ya polepole ndiyo inayoamua kasi yenu.

Hapa pwani tuna adui wengine. Ukipiga picha magofu ya Kaole au ngalawa zikirudi, upepo unabeba chumvi na mchanga. Kadi haibadilishwi ufukweni upepo ukivuma. Nenda garini, au angalau geuza mgongo na ufunike kamera kwa kanga. Vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu mimi hukusanya kama pipi na kuvitia kwenye mkoba wa kadi. Na usifanye kadi ghala. Kumbukumbu ya namna hii hushikilia chaji za umeme, na zikikaa miaka bila kuguswa, hasa kwenye joto, chaji hizo huvuja. Video za miaka iliyopita ziko kwenye diski ngumu za kawaida, mbili, na moja haikai nyumbani kwangu.

Betri ikikatika unarekodi, usichomoe kadi. Faili nyingi za MP4 na MOV huandikiwa faharasa yake unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Bila hiyo klipu ina picha zote lakini haifunguki. Weka betri yenye chaji, washa kamera kadi ikiwa mle mle, na kamera nyingi zitakuuliza kama zirekebishe. Kubali. Isipouliza, usirekodi kitu kingine juu yake, toa kadi na uiweke kando. Ukifika nyumbani, rekodi klipu fupi nzima kwenye kadi nyingine, kamera ile ile na mpangilio ule ule, kwa sababu programu za ukarabati kama untrunc zinahitaji mfano wa klipu nzima ili zijue iliyovunjika ilitakiwa ifanane na nini.