Maswali ya wadau: maua mengi, matunda hakuna, nyuki mmewapeleka wapi?

Wiki hii nimechagua maswali ya wadudu wanaochavusha miti ya matunda ya nyumbani, maana msimu wa maua ukianza tu simu yangu haipumziki na karibu kila mtu anauliza dawa. Kabla hujauliza dawa soma hapa kwanza.

Pasheni yangu ya njano ina maua balaa, yote yanadondoka. Nipige dawa gani? (Mdau, Kibaha)

Hakuna dawa ya hiyo kitu kaka. Pasheni ya njano haijichavushi, chavua ya mmea wenyewe haifanyi kazi kwenye ua lake, inataka chavua ya mmea mwingine tofauti. Kwahiyo kama una shina moja, au una matano ila yote umekata vipandikizi kwa jirani mmoja, utapiga picha maua mpaka uchoke. Panda nyingine iliyotoka kwenye mbegu za sehemu tofauti. Ile ya zambarau ndio ina nafuu, inaweza kujichavusha.

La pili ni nani anabeba hiyo chavua. Ni nzito na inanata, upepo hauiwezi, na nyuki wa asali ni mdogo kwa ua lile, anapita chini anakusanya chavua anaondoka bila kugusa pale panapotakiwa. Mwenye kazi yake ni yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao, mgongo wake unafika juu kabisa, akiingia kunywa anatoka kapakwa unga wa njano mgongo mzima na ua linalofuata anaufikisha. Sasa nikuulize, hao weusi kwako wapo? Au ulishawapulizia kwasababu walitoboa nguzo ya banda la kuku?

Wakati unawasubiri chavusha kwa mkono. Njano inafunguka mchana, kuanzia kama saa sita, inabaki wazi mpaka usiku (zambarau ni alfajiri, ikikaribia mchana imefunga). Likifunguka usiliguse hapohapo. Utaona vile vishina vitatu vya juu vimesimama wima, subiri kwa muda wa kama saa moja hivi vitainama vyenyewe kushuka usawa wa chavua. Hapo chukua brashi laini au kidole, toa chavua kwenye mmea mmoja paka kwenye ncha za vile vitatu vya mmea mwingine. Paka zote tatu na usibane mkono, maana kila mbegu ndani ya tunda inataka chembe yake ya chavua, ukipaka kidogo unapata tunda jepesi lenye maji kiduchu.

Shemeji yupo Marekani kanitumia picha za mirija ya kufugia nyuki waashi, anasema miti yake ya tufaha inazaa sana. Niagize? (Mama wawili, Arusha)

Usiagize mama, na tafadhali shemeji asije akabeba wadudu kwenye begi. Wale ni nyuki wa nchi za baridi, wanalala kwenye vifuko vyao winta nzima wanatoka matufaha yanapochanua, huku hamna hiyo winta. Na hata kwao wanahimizana kutumia wa asili ya palepale, kwasababu ukihamisha nyuki unahamisha na magonjwa na utitiri wao (vile vidudu vidogo sana).

Ila wazo la mirija ni zuri sana na hapa kwetu linafanya kazi, tuna nyuki wetu wanaoishi mmojammoja bila malkia bila mzinga. Wapo wanaojenga kwa udongo na utomvu, na wapo wanaokata majani. Ukiona jani la waridi au la mbaazi lina pengo la mviringo safi kama limekatwa na mkasi, usikimbilie duka la pembejeo. Kaa hapo asubuhi jua likishapanda, utamuona jike anakata kipande, anakikunja chini ya tumbo, anaruka nacho mpaka kwenye tundu lake. Anavipanga vile vipande kama kikombe, anaweka donge la chavua na nekta, anataga yai moja, anafunga, anaanza chumba kingine mbele yake. Na chavua haibebi miguuni kama nyuki wa asali, anaibeba kwenye nywele za tumboni, kavukavu, ndio maana anaimwaga ovyo kwenye kila ua analotua, kwa mwenye miti ya matunda hiyo ni neema.

Chukua mianzi mikavu, kata vipande vya sentimita 15 hivi, nyuma acha fundo pazibe, mbele wazi. Matundu yachanganye, milimita 6 mpaka 10. Piga msasa mdomo usiwe na miba. Funga vipande 20 au 30 pamoja, bana chini ya paa mvua isipofika, urefu wa kifua, uelekee jua la asubuhi, na usining'inize kwa kamba ukabembea. Weka na beseni la tope karibu kwa wale waashi. Baada ya miaka miwili badilisha mianzi, ya zamani inajaa utitiri na ukungu.

Alafu acha kipande cha ardhi bila saruji! Nyuki walio wengi duniani, kati ya aina zaidi ya 20,000, wanachimba chini. Watu mnamwaga pevingi mpaka kwenye shina la mti alafu mnaniuliza nyuki wameenda wapi.

Hao nyuki wa mirija watawauma watoto?

Hawana mzinga wala asali ya kulinda, hawaumi mpaka umbane kwa mkono.

Nyuki weusi wanatoboa kenchi za nyumba, nawahitaji kwenye pasheni ila paa nalo nalitaka. (Baba mwenye nyumba, Tanga)

Swali zuri, umefikiria. Mbao hawaili, wanachimba tu chumba cha kutagia, na wanapenda mbao kavu isiyopakwa kitu. Kwahiyo paka rangi kenchi zako, alafu karibu na pasheni wawekee gogo kavu la mti laini, lilaze juu ya matofali lisiloe. Hata mwezi usipoona tundu acha palepale. Panda mbaazi, marejea au mlonge pembeni ya fensi, hayo maua wanayapenda na yatawalisha pasheni ikiwa haina kitu. Yule anayekuja usoni anavuma anakuzuia njia mara nyingi ni dume analinda eneo lake, na dume hana mwiba kabisa.

Nina kiwanja 20 kwa 20, nataka mizinga miwili ya nyuki wachavushe.

Hapana. Nyuki wetu wa asali ni wakali, jirani ana mbuzi na watoto. Kama unataka kufuga kitu tafuta nyuki wadogo wasiouma, wanafaa sana kwa maua madogo kama ya parachichi.

Parachichi langu la Hass liko peke yake, linachanua kila mwaka linabakiza matunda machache. (Njombe)

Ua la parachichi linafunguka mara mbili, siku ya kwanza kama jike, linafunga, kesho linafunguka kama dume. Hass ni jike asubuhi, dume kesho yake mchana. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, ni kinyume, jike mchana, dume kesho yake asubuhi. Ukizipanda jirani moja inatoa chavua muda ambao nyingine inaipokea. Hass peke yake inazaa ila utapata zaidi ikiwa na mwenzake, nafasi ikiwa finyu pandikiza tawi la Fuerte juu ya hiyohiyo. Mbolea usiongeze, nimeona umeandika umeshaweka mara tatu.

Mipapai nayo inataka nyuki?

Inataka nondo, wale wakubwa wa jioni wanaoelea mbele ya ua. Utafiti wa Dino Martins kule Kerio Valley, Kenya, ulionyesha hivyo, na kwamba ukiwa karibu na vichaka vya asili ndio unawapata. Hivyo vichaka ndio mnavyochoma kila kiangazi. Na papai dume usikate yote.

Migomba je?

Ndizi inajaa bila kuchavushwa.

Dawa nipige saa ngapi nisiue nyuki?

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Maua yakiwa wazi USIPIGE. Ukilazimika piga jua likishazama, isipokuwa pasheni ya njano, hiyo jioni bado iko wazi, piga alfajiri imefunga. Na ukisoma lebo ukakuta imidacloprid ujue saa haitakusaidia, ile inaingia ndani ya mmea inatokea kwenye nekta na chavua siku nyingi baadaye. Umoja wa Ulaya waliipiga marufuku mashambani 2018, sisi tunauziwa kwenye vichupa bila hata maelekezo. Soma lebo, kama haina lebo rudisha.

Maua ya mwembe yamejaa nzi wa kijani, naona wataleta funza. (Mwanza)

Acha hiyo pampu chini dada yangu! Hao nzi ndio wachavushaji wakuu wa mwembe, kuliko hata nyuki. Mwenye funza ni nzi wa matunda, aliyetoka Asia akaonekana Kenya 2003, wa rangi ya kahawiakahawia mwenye alama za njano, na huyo anakuja kwenye embe linalokaribia kuiva, kwenye maua hana kazi. Wakati huo ukifika ning'iniza mitego ya chambo, na embe zinazodondoka ziokote kila siku uzifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uache juani mpaka funza wafe.